Chaki Kwenye Sakafu ya Ghala

Ile Ijumaa ya Mobeni, kule ugenini nilikosoma, naikumbuka, mwanangu, hasa nikikuona umekuja na macho mekundu kuniuliza: tuchore mfumo kwanza, au tuanze kuandika programu? Nimechoka na swali hili. Kaa, lakini.

Chuo kilitupeleka wawili, mimi na Espérance wa Bukavu, tuliandikie ghala la samaki programu ya kupakia malori. Wenzetu waliotutangulia walichora muhula mzima hadi wakafukuzwa. Sisi tukaapa hatuchori. Kila wiki tulijenga kipande, kila Ijumaa tukakionyesha.

Meneja, Mzee Salum, mtu wa Tanga, alivipenda vipande vyetu. Ijumaa hiyo akauliza, "Mzigo wa mteja mmoja ukigawanywa malori mawili, nauona wapi?"

Hapakuwa na wapi. Kila kitu tulikijenga tukidhani mzigo mmoja, lori moja.

"Wanangu," akasema, "mmenionyesha mlango, mmenionyesha dirisha. Nyumba yenyewe nyinyi mmeiona?"

Kama Mzee asingeikubali kazi ile, Espérance angefeli, na kibali chake cha kusoma kingekwisha. Kwao kulikuwa na vita. Alikaa juu ya kreti ya samaki.

"Tukichora yote sasa, muhula utatuacha," nikamwambia.

"Hapana yote, kaka. Iko vitu tatu tu: mteja, mzigo, lori. Tuchore ile inabeba zingine."

Akaomba chaki, akachora visanduku sakafuni. "Mzee, weye simama hapa. Uko lori."

"Leo nimekuwa lori! Basi nipakieni taratibu, mgongo unauma."

Vijana wa kupakia wakacheka, wakabeba kreti kutoka kisanduku hadi kisanduku, nasi tukifuta na kuchora tena, mpaka mzigo ukagawanyika bila kupotea. Alasiri moja tu. Jumatatu tukarudi kuandika, na kila Ijumaa tulianza kwa kusahihisha mchoro.

Kazi ilikubaliwa, ikiwa na mapengo. Espérance alifaulu, akabaki. Hadi leo hunipigia simu kulalamika kwamba vijana wake kazini hawataki kuchora.

Kwa hiyo, mwanangu, chora kwanza, lakini kile tu kinachobeba vingine, na mwenye kazi awe amesimama ndani yake. Kisha jenga kidogo, onyesha, sahihisha. Vyote viwili, nami sina jibu la mkato zaidi.

Nenda ukapumzike. Mungu akujalie mteja anayesema ukweli mapema, na mkono usioona haya kufuta.