Dakika Tatu za Mwadhini

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mlinzi wa lango la wafanyakazi katika hoteli moja ya Diani. Kazi ilianza saa moja asubuhi. Mfanyakazi alipitisha kadi kwenye mashine ya lango, nayo ikapeleka habari kwa waya hadi kompyuta ya ofisini, iliyoandika kwa saa yake yenyewe. Aliyechelewa mara tatu alifukuzwa.

Ramadhani ile, mama mmoja wa chumba cha dobi, Mkristo aliyehamia kutoka bara, alikwisha andikwa mara mbili. Alitoka mbali kwa miguu na kufika dakika za mwisho, akifuata saa yake aliyoilinganisha na ile ya ukutani niliyoitunza mimi langoni, na kwa saa hiyo hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Kila asubuhi nilimchungulia njiani, nikimwomba Mola amfikishe.

Nilipoieleza ofisi tofauti hiyo, akaja fundi kutoka Mombasa, akaupima waya.

"Habari nyingine inafika papo hapo," alisema. "Nyingine, ofisi ikichapa bili za wageni, inakawia nusu dakika. Ingekawia sawasawa kila siku tungeutoa muda huo kwenye hesabu, lakini hii haitabiriki. Hata hivyo, mama huyu amepotelewa na dakika tatu, na waya hauli dakika tatu. Mzee, saa ya ukutani inafuata nini?"

"Inafuata hii ya mkononi."

"Na ya mkononi?"

"Ya msikiti wetu, Kinondo. Naisawazisha tukifuturu."

Hapo ulimi ulinikauka, wala si kwa saumu. Tangu utotoni nilijua kwamba kila alasiri ya Ramadhani mwadhini wetu huirudisha nyuma saa ya msikiti dakika tatu, asije mtu akafuturu kabla jua halijazama. Baada ya isha huirejesha. Ihtiyati ile, tahadhari ya mwadhini, nilikuwa nimeibeba hadi langoni.

Nilikwenda kwa meneja nikihofia kazi yangu, kwani nami nilikuwa na watoto wa kulisha. Nikasema yote. Alifuta makosa ya yule mama, akanipa mimi barua ya onyo. Alhamdulillahi, ingeweza kuwa zaidi.

"Mzee," mama aliniambia, "umefunga wewe, nimekonda mimi!"

"Nisamehe, mama."

"Nimeshasamehe. Lakini hiyo saa yako siitazami tena."

Saa niliirekebisha. Waya ulibaki vilevile na nusu dakika yake, na hadi Idi niliendelea kumchungulia njiani.