Muuza Makoti Ndani ya Miwani

Mpwa wangu tunamwita Babu. Ni binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na tisa, mwembamba, ana kicheko cha kuzibua masikio, na hana ubabu wowote. Jina alilipata kwenye chumba changu cha gemu, kwa sababu kila akivaa miwani anaingia mchezoni na mwili wa mzee aliyepinda mgongo, ndevu hadi kitovuni, mkongojo mkononi. Wateja wanamcheka. Mimi sicheki, maana najua alikoanzia. Mwanzoni aliingia kama msichana, na wanaume wakamfuatafuata geti hadi geti, wakimshika hata pale ambapo hakuna cha kushika isipokuwa hewa. Alivua miwani, akaitundika. Kesho yake akawa mzee, na hakuna aliyemsogelea tena. Nayasema haya mapema mjue kwamba mimi na hilo gemu tulishakuwa na ugomvi kabla hata sijamsikia mwanamke nitakayewasimulia.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa saluni. Vioo niliviondoa vyote baada ya mteja mmoja kukipiga ngumi kioo akidhani anapigana na zimwi. Sasa kuna viti vya plastiki, maduara ya utepe mweupe sakafuni ambayo mchezaji hatakiwi kuyavuka, miwani nyeusi inayoning'inia kwenye misumari, na televisheni ukutani inayotuonyesha aliyevaa anaona nini na anasikia nini. Babu ananisaidia kazi. Anafuta miwani kwa spiriti kila mtu akiivua, kwa sababu jasho la uso wa mtu mwingine halina utani, na asubuhi wateja wakiwa hawajaja anacheza mwenyewe.

Miwani yote nimekodishiwa na kijana mmoja tunamwita Wakala. Viatu vinang'aa, maneno yanateleza. Ndani ya gemu lake kuna soko kubwa, na huwezi kupanda milima ya barafu bila kununua koti kwanza. Muuza makoti ni jitu lenye masharubu, mabega kama kabati, linanguruma kwa lugha ya kigeni. Siku moja nilimuuliza Wakala hao wauzaji ni kina nani, mbona wanajua kubembeleza wateja vile.

"Akili bandia hiyo, mama," akanijibu. "Kompyuta tupu. Hata choo hawaendi."

Basi asubuhi moja Babu akaingia sokoni na mkongojo wake, akajikokota hadi kwenye kibanda cha makoti. Mimi nilikuwa nafagia. Jitu likainua kichwa, likamwona mzee, na kwa ile sauti yake ya ngoma likasema, "Shikamoo, mzee."

Babu alicheka mpaka akavuka duara. "Marahaba! Shangazi, njoo usikie, gemu limefundishwa adabu!"

Nikatazama televisheni. Jitu lilikuwa limejiziba mdomo. Mikono yote miwili, haraka, kama mtu aliyetoboa siri mbele ya mkwe. Kisha likageuka kushoto na kulia kuangalia nani kasikia. Kicheko cha Babu kikakatika.

"Shangazi," akasema polepole, "kompyuta haijishtukii."

Siku iliyofuata alirudi pale pale. Jitu likamwonyesha koti moja, likamwonyesha la pili, kisha likaanza kuongea kwa kunong'ona huku limeshikilia kola. "Usiondoke. Endelea kushikashika nguo. Mradi nina mteja, msimamizi hanisogelei. Jana ilinitoka tu. Nakaa humu mpaka nasahau, nikaona mzee kasimama na sijamsalimia."

"Kaka, mimi siyo mzee," Babu akasema. "Mimi ni msichana."

"Mimi pia," likasema jitu lenye masharubu.

Niliachia ufagio. Yule dada aliongea kwa vipande, wateja wengine wakipita ananguruma ile lugha yao, wakiondoka anaendelea. Alikuwa akiuza nguo dukani, hodari wa kuongea na watu, akaahidiwa kazi ya kompyuta yenye kiyoyozi. Walisafirishwa kwenye gari lisilo na madirisha. Simu na vitambulisho vikachukuliwa "kwa usajili". Tangu hapo wanashinda na kulala kwenye chumba kimoja, wamevalishwa miwani alfajiri hadi usiku: yeye anauza makoti, mwenzake analinda geti, mwingine ni farasi. Ndiyo, mtu mzima, mama wa watoto, kazi yake ni kuwa farasi. Mlango unafungwa kwa nje. Lakini hayo yote alisema angeyavumilia. Kilichomtisha ni macho.

"La kushoto limeshazimika," alisema. "La kulia linaona ukungu. Nikiwaomba daktari wananiambia nikilala litapona. Nitoeni kabla halijakwisha."

Damu ilinichemka. Nikafunga chumba mchana kweupe, tukaenda polisi. Ofisa akatusikiliza huku anachokonoa meno kwa kijiti. Akauliza mtu huyo katekwa wapi. Nikasema sijui ni jengo gani, ila yumo ndani ya gemu, na mwenye gemu namjua kwa sura na namba ya simu. Akamwita mwenzake aje asikie.

"Mama, mwambieni amalize levo atoke," yule mwenzake akasema, wakacheka wote wawili, wakagongeana viganja. Nilimpa kila mmoja vidonge vyake pale pale kaunta, mpaka Babu akanivuta mkono tusije tukalala ndani sisi. Ingekuwa Wakala kaibiwa miwani yake moja, wangefika kwangu na king'ora.

Tukabaki sisi wawili na televisheni. Kumkabili Wakala nilitamani, tena kwa mwiko, lakini Babu alikataa. Alisema akishtuka atawahamisha, na yule dada tutakuwa tumempoteza. Kwa hiyo alipokuja kukagua miwani yake nilimkaribisha kiti, nikamtabasamia, na tabasamu lile liliniuma mashavu. Aliniuliza biashara inakwendaje.

Kila asubuhi Babu alikwenda kuchagua makoti asiyoyataka. Alimuuliza yule dada, ukivua miwani unasikia nini? Mashine ya kukata chuma, chini ya sakafu, kila akivua mchana kwenda chooni. Ikiwashwa tu, umeme unayumba na soko lote linaganda kidogo. Na chooni kuna tundu la hewa. Zamani, alipokuwa anaona, alichungulia akaona ukuta wa ng'ambo umechorwa jino kubwa jeupe lenye miguu na linacheka.

Siku hiyo Babu aliomba koti jeusi, akapewa jekundu. Jitu lilikuwa linapapasa nguo moja moja kwa vidole, likijifanya linachagua.

"Rangi zimeondoka," likasema. "Fanyeni haraka, jamani."

Jino linalocheka! Ni ukuta wa daktari wa meno, mtaa wa nyuma ya soko letu. Mimi mwenyewe niling'olewa gego pale. Kwa mwendo wa mguu, hata jasho halikutoki. Muda wote ule tunamnong'oneza mtu kama yuko ng'ambo ya dunia, kumbe anaishi mkabala na jino hilo, juu ya karakana ya fundi geti ninayempita nikienda kununua nyanya. Nilitukana njia nzima. Siwezi kuyarudia hapa, kuna wasomaji wana heshima zao.

Fundi geti alizima mashine, akavua miwani yake ya kazi, akatusikiliza. Uso ukamshuka. Alisema mlango wa chuma wa juu aliutengeneza yeye. Aliambiwa ni stoo ya vifaa vya kielektroniki, akashangaa kidogo komeo kuwekwa nje pamoja na kufuli tatu, lakini mteja ni mteja.

"Na choo cha stoo ulifikiri ni cha nani?" nikamuuliza.

Akavaa tena miwani yake ya kazi. Alichukua mashine, akavuta waya ngazi hadi ngazi, akaanza kukata. Msimamizi alikuja mbio kutoka upande wa pili wa korido akipiga kelele kuhusu mali ya watu. Nikamzibia njia. Mimi ni mnene, Mungu alijua kwa nini. Alipiga simu, akapiga tena, halafu akashuka ngazi na hakurudi.

Mlango ulipoachia, harufu ndiyo ilitoka kwanza. Choo kisicho na mlango kwenye pembe. Magodoro yamesimamishwa ukutani. Madirisha yamebandikwa maboksi. Na watu, jamani, wamesimama kila mmoja kwenye duara lake la utepe mweupe, miwani usoni, hakuna hata mmoja aliyegeuka. Chuma kimelia mlangoni kwao muda wote ule na hawakusikia, masikio yao yako sokoni. Mmoja alikuwa anainama na kuinuka, anainama na kuinuka. Huyo ndiye farasi.

Fundi alibandua maboksi yote, jua likajaa chumbani. Mimi nikaanza kuvua miwani mmoja mmoja. Nilipovuka korido, kwenye kompyuta ya msimamizi malalamiko ya wachezaji yalikuwa yanamiminika: geti halina mlinzi, farasi wangu amekufa, hii ni huduma gani. Niliing'oa ile kompyuta na waya zake nikaitupa chini, na kama kuna mtu ananidai maelezo aje.

Babu hakuuliza yupi ni yupi. Alimwendea mwanamke mdogo wa umbo, mfupi kuliko yeye, aliyekuwa anainua mikono miwili mitupu mbele yake kwa uangalifu, kama anayemvalisha mtu nguo begani. Akamgusa.

"Nakuja, bosi," yule dada akasema, anaharakisha. "Namalizia mteja huyu tu."

"Siyo bosi, dada. Ni mimi."

Mikono ikabaki hewani. Babu akamfungua mkanda nyuma ya kichwa, akamvua miwani taratibu. Usoni ilikuwa imemchimbia alama nyekundu kuzunguka macho. Yule dada akampapasa Babu mashavu, akampapasa kidevu kisicho na ndevu, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akageuza uso kuelekea dirishani, kulikokuwa na jua la saa sita, macho wazi kabisa, hayapepesi.

"Washeni taa basi," akasema, "nimwone mwenzangu."