Nzuri Tu, Ila

Jamani, hii naibandika hapa kwenye ubao wa bweni nikiwa na hasira.

Leo kabla ya semina ya fizikia nilimwendea profesa wetu, yule mgeni, kuomba ruhusa nipande treni ya Mpanda niende nyumbani.

Akaniuliza kwa Kiswahili chake kipya, "Habari za nyumbani?"

Nikajibu kama tunavyojibu kwetu Usevya. "Nzuri tu, ila mama kalazwa."

Akakunja uso. "Nzuri au mbaya? Chagua moja."

Kabla sijaeleza, akaamua mwenyewe.

"Basi ni nzuri. Kaa."

Halafu saa nzima akatufundisha kwamba elektroni inaweza kuwa katika hali mbili kwa wakati mmoja.

Nyie mnaopita hapa, andikeni chini mngemjibuje.

Maana elektroni haikuambiwa ichague.