Shikamoo ya Jukwaani

Jukwaa letu la mtandaoni lilianza na mafundi cherehani tisa, tuliokuwa tukilipia kompyuta kwenye intaneti kafe moja ya Mchafukoge. Siku hizo kila takataka iliruhusiwa kuingia nchini, isipokuwa vipuri vya mashine za zamani. Ukiuliza, "Nani ana mkanda?" unajibiwa, "Ninao, njoo Kariakoo." Basi. Hakuna salamu, hakuna cheo.

Tulipofika mia tatu tukavimba vichwa. Mmoja wetu akajiita Mzee wa Baraza. Alikuwa na miaka ishirini na minne na ndevu za kuhesabika. Akatunga sheria: mgeni asiulize lolote kabla ya kuwaamkia waasisi shikamoo, la sivyo swali linafutwa. Kazi ya kufuta nilipewa mimi, nami nikaifanya kwa bidii ya karani mpya. Ukurasa wa kwanza ukajaa shikamoo na marahaba. Mkanda hukuuona hata mmoja.

Siku moja mgeni akaandika: "Natafuta kichuma cha kushikia bobini, cherehani ya miguu. Sare za shule zinatakiwa Jumatatu. Nisipomaliza, mwenye vitambaa anavichukua."

Kichuma hicho nilikuwa nacho, droo ya pili. Lakini hakuamkia. Nikafuta.

Akarudia. Mzee wa Baraza akamvaa: "We mgeni, kwenu hamna adabu? Shikamoo kwanza!" Wengine wakaandika vicheko. Nikafuta tena.

Jumanne nilipita Upanga kwa fundi wa Kihindi aliyenifundisha kazi nikiwa sijui hata kutunga uzi kwenye sindano. Habari za jukwaa nilishampa mwenyewe zamani, kwa majigambo. Nikakuta cherehani yake imefunguliwa tumbo, meza ya kukatia tupu.

"Shikamoo, fundi."

Hakuitikia. "Vitambaa vimeondoka jana," alisema. "Binti yangu aliniandikia kule kwenu mara mbili. Eti mimi mgeni, sina adabu. Wewe kule ni mwasisi, siyo?"

"Ndiyo, fundi."

Akainuka, mzee wa miaka sabini na kitu, akaweka mkono kifuani.

"Basi shikamoo, mkubwa wangu. Sasa naomba kichuma."

Ulimi wangu, kwa mazoea ya jukwaani, ulikuwa umeshatangulia:

"Marahaba."