Mvumo wa Nyumba ya Mwambani

Siku fundi wa umeme alipokuja kutuwekea ethi nilikuwepo, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba sikujua. Alikuja na nondo ya shaba ndefu kuliko yeye, ya kuchimbiwa chini ili umeme ukivuja uende ardhini badala ya kwenda kwa mtu. Nyumba yetu iko Ilemela, juu ya mwamba, na mwamba haukumsikiliza. Aligonga nyundo mpaka akalowa jasho. Nondo ikaingia shubiri moja, ikagoma. Akaikata kwa msumeno, kipande kilichobaki akakizungushia saruji kwa ustadi mkubwa. Kwa macho ilikuwa kazi nzuri. Baba, ambaye sasa ni marehemu, alimshukuru, tukanywa chai.

Alipofariki nikabaki pale na mama, nikawa fundi wa pedali za gitaa. Ni visanduku vya kukanyaga kwa mguu, vinavyochukua sauti safi ya gitaa na kuikwaruza mpaka ingurume. Wanamuziki huziita fazi. Transista, vile vipande vidogo vinavyokuza sauti, nazitoa kwenye redio mbovu ninazopata kwa mafundi wa Mirongo, hasa redio za zamani, kwa sababu transista mpya zina ukali usio na utu. Pedali zote nazifungia ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Nasema bila aibu kwamba mkono wangu unaiweza kazi hii, na majivuno hayo ndiyo chanzo cha haya yote.

Fazi hukuza kila kitu, hata uchafu. Nikiwasha amplifaya yangu ya mtumba, kabla sijagusa gitaa, spika ilikuwa ikivuma bila kupumzika. Mpiga gitaa wa kwaya moja ya Buhongwa alikuja kujaribu pedali aliyoniagiza. Alisikiliza, kisha akanitazama kwa huruma iliyonikera.

"Kaka, sauti ni tamu," alisema. "Lakini kwaya haiwezi kuimba juu ya nyuki. Toa huo mvumo, nitarudi."

Nilijua mvumo ule unadai ardhi, ile ambayo nondo ya fundi haikuifikia. Basi nikachukua waya wa kijani, nikaufunga kwenye bati la amplifaya, nikaupitisha dirishani na kuukaza kwenye bomba la chuma linalopita chini ya dirisha langu kwenda kwenye koki ya uani. Bomba linatoka ardhini, nilijiambia. Jioni ile nikawasha. Mama alikuwa uani anaosha vyombo. Mvumo ulisikika, halafu ukakatika ghafla, nami nikacheka peke yangu chumbani.

Kabla ya kulala ulikuwa umerudi. Kwa wiki kadhaa ukawa unakuja na kuondoka, na mimi nyuma yake. Nilibadilisha kapasita, kile kidude cha kuchuja umeme, ukakatika. Nikasema dawa ni kapasita. Kesho yake ukarudi. Nikapanga upya nyaya ndani ya kopo, ukakatika tena. Kila uliponyamaza niliamini ni mkono wangu, na kila uliporudi niliulaumu umeme wa mtaa.

Wiki ileile nilipofunga waya, mama aliniambia, "Baba, hili bomba linauma." Baba ndivyo anavyoniita.

"Mama, bomba halina meno."

Alicheka. Ana kisukari, na vidole vyake vilishaanza kufa ganzi, kwa hiyo nilimpeleka zahanati. Nesi akasema ganzi ya namna hiyo huletwa na sukari, na hakukosea; hatukumwambia habari za bomba. Kila jioni nilimsugua viganja kwa dawa ya kuchua, nikijiona mtoto mwema, kisha narudi chumbani na kuwasha amplifaya.

Sasa nakumbuka mambo madogo. Paka aliacha kunywa maji yaliyodondoka chini ya koki. Mama akawa anafungua koki kwa ncha ya kanga. Baada ya siku chache akaacha kanga, akawa anaishika kwa mkono mtupu, nami nikafurahi kwamba dawa imemsaidia.

Jumamosi moja mpiga gitaa alikuwa anarudi saa kumi alasiri, na nilimwambia mama. Mvua ilikuwa imenyesha, ua wote umelowa. Nikawasha ili nijaribu mara ya mwisho. Mvumo ukaanza, ukakatika, na safari hii haukurudi. Nilipiga noti moja, nikaiacha ife yenyewe. Haikuwahi kuwa safi namna ile. Ndani ya utulivu huo nikasikia ndoo ikifurika, maji yakimwagika kwenye saruji muda mrefu, na mama yangu hamwagi maji.

Nikachungulia dirishani. Alikuwa amesimama miguu mitupu kwenye dimbwi, mkono kwenye koki, mkono wote ukitetemeka hadi begani, mdomo ameufumba kwa nguvu. Alikuwa anatazama dirisha langu.

Nikachomoa plagi. Mama akakaa chini palepale majini, nami nikatoka mbio.

Alikuwa mzima. Nilipomfikisha kitandani nikarudi kulifuata bomba, nikakuta jambo nililolijua siku zote. Nyuma ya jiwe kubwa chuma kinaishia, unaanza mpira mweusi, na mpira huo niliuunga mimi mwenyewe kiangazi kilichopita. Bomba langu halikugusa ardhi. Umeme uliovuja kwenye amplifaya ulikuwa na njia moja tu ya kushuka, nayo ilikuwa mwili wa mama. Kila mvumo ulipokatika, ni yeye aliyekuwa ameshika koki.

Nilimweleza yote huku nalia. Nilitaka anigombeze. Yeye akawa anajitazama kiganja.

"Ya umeme sikujua," alisema. "Nesi alisema ni sukari, nikavumilia. Lakini nilikuwa nasikia, baba. Nikilishika tu bomba, gitaa lako linatulia. Nikasema labda linakusaidia. Leo una mgeni, ndiyo maana nikalishika sana."