Pumzi Thelathini na Mbili

Darasani walimwita Shangazi, kwa kuwa aliwazidi wote umri. Hospitalini walimjua zaidi kwa jina la Dekio, maana miaka kumi na mmoja alipiga deki wodi zile zile, huku akisoma masomo ya sekondari kwa kudokoa dokoa, mpaka chuo kikuu kikampokea kusomea shahada ya uuguzi. Waliocheka walicheka. Sasa alikuwa mwaka wa tatu, na mtihani wa vitendo ulikwishamwangusha mara moja: kila kitu alifanya sawasawa, ila muda uliisha chati ikiwa nusu. Akianguka tena angeondolewa chuoni, na lile dekio lake lilikwishapata mwenyewe mwingine.

Kilichomchelewesha ni pumzi. Muuguzi hamwambii mgonjwa kwamba anazihesabu, maana ukimwambia mtu apumue kawaida, hapo hapo anasahau kupumua. Unamshika mkono kana kwamba bado unapima mapigo ya moyo, kumbe unakiangalia kifua chake, dakika nzima. Na dakika nzima, kwa mwenye wagonjwa thelathini, ni anasa. Basi wodi aliyofanyia mazoezi ilikuwa na dawa yake: andika ishirini. Mtu mzima mwenye afya hupumua kati ya mara kumi na mbili na ishirini kwa dakika, hivyo ishirini haimuudhi yeyote.

Nyumbani alijizoeza kwa mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko vitambaa.

"Zamani ukinishika mkono nilijua unanipenda," mume alilalamika mezani. "Siku hizi najua unanihesabu."

"Nyamaza. Umeniharibia, naanza upya."

"Andika ishirini, mama watoto, tule."

Watoto wakaangua kicheko. Yeye alianza upya, akapata kumi na sita.

Siku ya mtihani alipangiwa mwokaji mikate, mama wa makamo aliyepasuliwa tumbo siku mbili nyuma. Mtahini alikuwa mkuu wa wodi mwenyewe, mwanamke aliyenyooka kama rula, yule yule aliyekuwa akimwonyesha Dekio madoa ya sakafuni kwa ncha ya kiatu. Dekio alipewa dakika kumi na tano: joto, presha, mapigo, pumzi, na kujaza chati.

Kwenye chati safu ya pumzi ilikuwa ishirini tupu tangu juzi. Ile ya asubuhi hiyo ilikuwa na saini ya mkuu wa wodi.

Dekio akamshika mama yule mkono, akahesabu. Thelathini na mbili.

Aandike ishirini apite zake, au aandike alichokiona na kumuumbua mtahini wake palepale? Labda amekosea. Alitamani sana awe amekosea. Akahesabu tena, dakika nzima, na jibu likawa lile lile.

"Mama, unajisikiaje?" akauliza.

"Kifua kinabana kidogo," mgonjwa akasema. "Sikutaka kuwasumbua."

"Muda umekwisha," akasema mkuu wa wodi.

Chati ilikuwa nusu, kama mwaka jana. Dekio akaandika 32, akamkabidhi.

"Samahani, Sista. Nimehesabu mara mbili. Naomba daktari aitwe."

Mkuu wa wodi aliitazama ile namba, kisha saini yake mwenyewe kwenye mstari wa juu. Alimshika mgonjwa mkono, akaikazia macho saa yake na kifua cha mgonjwa dakika nzima, halafu akageuka na kuagiza oksijeni na daktari, vyote kwa pamoja. Alasiri ile daktari alikuta damu imeganda kwenye pafu, na ilikuwa bado inatibika.

Matokeo yalibandikwa Alhamisi. Alikatwa alama za kutomaliza chati, zote, bila hata moja ya huruma. Akapita, alama tatu tu juu ya kiwango cha kufaulu. Alilia palepale mbele ya ubao bila kuona haya, na vijana wa darasa wakamzunguka Shangazi wao wakimpigapiga mgongoni.

Jumatatu alirudi wodini kwa mazoezi. Mwokaji alikuwa ameketi kitandani, anausema vibaya mkate wa hospitali. Dekio akapita kitanda hadi kitanda akisoma chati. Kumi na nane. Ishirini na mbili. Kumi na saba. Ishirini na nne. Ishirini aliikuta moja tu, kitanda cha mwisho, na kando yake mkuu wa wodi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka: imehesabiwa.