Kinyozi Atafuta Hoteli Yenye Kuta Nene

Kinyozi wetu tulimwita Mashine. Wageni waliposikia jina hilo walidhani limetokana na mashine ya kunyolea aliyoishika kutwa nzima, nasi hatukuwasahihisha. Jina lilitokana na kukoroma kwake. Jirani wa upande wa pili wa ukuta aliwahi kubisha hodi asubuhi kuuliza kama wamenunua jenereta. Watoto walipoanza kuondoka nyumbani mmoja mmoja, mke wake alihamia chumba chao, na hakurudi. Akisafiri kwa basi alijifinya mapaja asije akasinzia. Wakati wa msiba wa mjomba wake, wanaume wote walilala sebuleni, yeye wakamtandikia stoo, katikati ya magunia. Kulipokucha alikuwa wa kwanza kulitania jambo hilo, kabla mwingine hajaanza.

Alicheka, lakini lilimkaa rohoni. Ndiyo maana aliota mvi bila kutia mguu mji mkuu, ingawa binti yake mkubwa aliolewa huko na alikuwa akimwita kila mwaka. Mara duka halina wa kumwachia, mara mgongo unamsumbua, mara mvua. Mke wake alikwenda, akakaa, akarudi na picha. Yeye alibaki na visingizio.

Siku moja binti alipiga simu tukiwa tumejaa kwenye benchi tunangoja zamu zetu. Kinyozi aliweka spika ili aendelee kunyoa.

"Baba, mwanangu ameanza kutembea," binti alisema. "Bibi yake anamjua. Wewe anakujua kama sauti inayotoka kwenye simu. Unajua anakuitaje? Anakuita Halo."

Sisi tuliangua kicheko. Kinyozi hakucheka. Alimaliza kichwa alichokuwa nacho, akakung'uta nywele kwenye kitambaa, akasema, "Nakuja, mama. Ila nitalala hotelini."

"Hotelini? Mimi nina nyumba, Baba. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Nataka tu na mimi siku moja nilale kwenye shuka la hoteli."

Binti alikata simu kwa heshima, lakini sote tulisikia kwamba amenuna.

Kuanzia hapo duka likageuka baraza la hoteli. Dereva wa lori, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyeujua mji mkuu, alimshauri achukue iliyo jirani na stendi ya mabasi. "Pale magari yanaunguruma mpaka asubuhi. Wewe utaonekana mojawapo." Fundi bomba alipinga. Alisema hoteli nzuri ni ya zamani, kwa sababu kwenye majengo ya zamani ukitaka kutoboa ukuta upitishe bomba unatoka jasho, lakini haya mapya ukuta wake ni kama katoni. Mwalimu mstaafu naye akashikilia kwamba la muhimu ni ghorofa ya juu kabisa, maana sauti hupanda. Fundi bomba akasema hushuka. Wakaacha hoteli, wakabishana juu ya sauti mpaka nikanyolewa upande mmoja na kusahauliwa.

Nyumbani, mke wake alikuwa akimwonyesha picha kwenye simu: vitanda vipana, taulo zilizokunjwa zikawa mabata.

"Tazama hiki, baba watoto, kilivyo kizuri."

"Sogeza pembeni nione ukuta."

Mwishowe aliamua kupiga simu mwenyewe. Hoteli ya kwanza aliuliza kuta zao zina unene gani. Kijana wa mapokezi akamuuliza taratibu, "Mzee, unataka kufanya nini humo chumbani?" Kinyozi akakata simu. Ya pili walimuuliza kama ana mpango wa kupiga muziki, na alipojikanyaga kujibu wakamwambia vyumba vimejaa. Ya tatu ilipokewa na mwanamke mtu mzima, mwenye hoteli mwenyewe, sauti yake imetulia kama ya mtu anayepiga pasi huku anaongea.

"Kuta zetu ni za kawaida," alisema. "Unakoroma?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo bila kucheka. "Ndiyo, mama. Sana."

"Sasa si useme tu. Nina chumba mwisho wa korido. Kushoto hakuna kitu, kulia ni stoo ya mashuka. Koroma utakavyo."

Alituambia baadaye kwamba alipoweka simu chini aliketi kwenye kiti chake cha kunyolea, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Basi akaenda. Hoteli ilikuwa ya ghorofa moja, kwenye mtaa wa mafundi viti, ngazi zake zimelika katikati kwa kukanyagwa. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, ndoano tatu za nguo na dirisha linalotazama paa la jirani. Hakukuwa na bata wa taulo. Aliweka begi, akaenda kwa binti yake.

Binti alimpokea vizuri, lakini kwa ile adabu anayopewa mgeni. Alimkaribisha kiti badala ya kumkumbatia kwanza. Mtoto alijificha nyuma ya kochi. Kinyozi akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akasema, "Halo." Mtoto akachungulia. Akatazama simu, akatazama mdomo wa babu yake, akatoka mzima mzima akaja kusimama kati ya magoti yake. Binti akajikuta anatabasamu bila kupenda. Hata hivyo, jioni baba yake alipoaga kurudi hotelini, uso ulimshuka tena.

Asubuhi kinyozi alishuka kunywa chai. Mwenye hoteli alimletea mwenyewe, akavuta kiti, akaketi mbele yake. Kinyozi akajua limekuja.

"Nimewasumbua," alisema haraka. "Kama kuna mgeni aliyelalamika, mama, naondoka leo."

"Hakuna aliyelalamika. Mimi huamka alfajiri kukunja mashuka humo stoo, nikakusikia. Kelele hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni kimya."

"Kimya gani?"

"Unakoroma, halafu unanyamaza kabisa. Hupumui. Nikaacha shuka, nikasimama pale ukutani nasikiliza. Halafu unashtuka kama mtu anayetolewa majini, unaanza tena. Hivyo hivyo mpaka kukapambazuka." Alimsogezea sukari. "Kaka yangu alikuwa hivyo hivyo. Mchana anasinzia, kichwa kinamuuma akiamka. Na wewe?"

Kinyozi alikumbuka jinsi alivyosinzia na wembe mkononi, mara mbili mwezi ule, mteja akiwa amefumba macho akimwamini. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. "Kinaniuma kila siku," alisema.

"Basi nenda hospitali. Kaka yangu alitibiwa, na sasa ni mzima kuliko mimi. Usiende kulala kwa aibu, mzee wangu, ukasahau kuamka."

Hakuimaliza chai. Alifika kwa binti yake kabla mlango haujafunguliwa, akamweleza yote akiwa bado amesimama: hoteli, kuta, magunia ya stoo siku ya msiba, na maneno ya yule mama. Alitegemea binti atamcheka au atamlaumu. Binti alikaa polepole kwenye mkono wa kochi.

"Kile kimya nakijua," alisema. "Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakisikiliza kupitia ukutani. Nasubiri uanze tena ndipo nilale. Nilidhani baba wote wanalala hivyo."

"Hukuniambia kitu."

"Ulikuwa unataniwa na kila mtu, Baba. Nikaona nikisema na mimi, nitakuwa nimeungana nao." Alifuta macho kwa kiganja. "Kwa hiyo hoteli ni kwa ajili ya hilo? Mimi nimelia usiku mzima nikidhani hunipendi tena."

"Ningekuamshia mtoto, mama. Na mkwe wangu anawahi kazini."

Binti akacheka huku analia, akaenda kuvaa viatu.

Hospitali walimlaza wamempachika nyaya kichwani na kifuani, ajabu ya mtu kupimwa akiwa amelala. Daktari, mama mmoja mwenye miwani iliyomwangukia puani, aliwaonyesha mistari kwenye karatasi. Koo lake lilikuwa likijifunga akilala, hewa inakatika, moyo unahangaika peke yake gizani. Tatizo hilo lina jina, daktari alisema, na lina tiba. Na si kosa lake.

Kinyozi aliomba alirudie lile la mwisho.

"Si kosa lako," daktari alirudia. "Koo ni nyama tu. Huwezi kuliamrisha ukiwa usingizini."

Maisha yake yote alikuwa amelibeba kama tabia mbaya, kama mtu anayelewa mbele za watu. Pale mbele ya daktari mabega yalimshuka, na binti yake anasema alionekana mdogo kwa miaka kumi, ingawa mvi zilikuwa pale pale.

Walimpa kifaa kidogo kinachopuliza hewa kupitia barakoa ya puani, wakamwagiza apunguze uzito na alale ubavu. Usiku wa kwanza alilala kwa binti yake, kwenye godoro chini sebuleni. Aliamka jua limeshaingia mpaka kwenye zulia, kichwa hakimuumi, na hakukumbuka mara ya mwisho aliyoamka hivyo. Mtoto alikuwa ameketi kando yake, amelishika bomba la barakoa sikioni, anaongea nalo.

Siku hiyo alikwenda hotelini kuchukua begi. Mwenye hoteli alikuwa akipiga pasi foronya nyuma ya kaunta.

"Umepata pengine pazuri zaidi?" alimuuliza.

"Nimehamia kwa binti yangu, mama. Wamenitibu." Njiani alikuwa amepanga mengi ya kusema. Akasema tu, "Ulinisikia."

"Ukuta ni mwembamba," mwenye hoteli alijibu, akageuza foronya upande wa pili.

Alirudi kwetu na ngozi ya uso imeng'aa, akatusimulia yote, hata lile la kusinzia na wembe mkononi. Mke wake, tunavyosikia, alisimama mlangoni mwa chumba asubuhi kadhaa akimtazama anavyopumua, kisha jioni moja akahamisha mto wake bila kusema neno. Sisi kwenye benchi tunangoja zamu kama zamani, na siku hizi tukiwekewa wembe shingoni tunafumba macho bila wasiwasi.